Bunduki ya Mzee Inapelekwa Kutengenezwa

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Mkataba unasema nitaogesha, nitavisha, nitapika chakula chepesi, nitakumbusha dawa, na nitaongozana na mteja anapotoka. Hausemi neno juu ya bunduki, wala haukatazi. Nina hakika, kwa sababu jioni ya siku ninayotaka kuieleza niliusoma wote, mara ya kwanza tangu niutie saini.

Mzee niliyekuwa namtunza alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa mjane, akiishi peke yake katika mji wa Bowie, Marekani, kwenye nyumba ya matofali yenye gereji kubwa kuliko sebule yangu kule Adelphi, ninakoishi. Alikuwa mhandisi. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza mji wa jirani wa Greenbelt, kwenye mambo ya anga za juu, na alivyonieleza mwenyewe, kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kitu kikisharushwa huko juu hakifunguki chenyewe njiani. Mikono yake ilikuwa imeanza ugonjwa wa kutetemeka na miguu imemwishia nguvu, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Nilimwita Mzee. Siku ya kwanza aliuliza maana yake, nikamweleza, akasema inafaa.

Kila kitu nyumbani mle kilikwenda kwa orodha. Kulikuwa na orodha ya kuoga, yenye vipengele saba. Kulikuwa na orodha ya kupika uji, ambayo niliifuata siku mbili kisha nikapika uji. Aliuonja, akauliza nimebadilisha kipengele gani. Nikamwambia vyote. Akaumaliza.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi alinieleza kwamba chini ya nyumba, kwenye kabati la chuma, kuna bunduki yake ya kuwindia, na kwamba anataka kuirudisha kiwandani ikatengenezwe. Miaka mitatu nyuma alikuwa nayo uwanja wa shabaha. Aliposukuma kile kijino cha usalama, kinachozuia bunduki isifyatuke, bunduki ililia yenyewe wakati kidole chake hakijagusa kifyatuo. Risasi iliingia kwenye udongo na hakuna aliyeumia. Alirudi nyumbani, akaifungia kabatini, hakuigusa tena. Sasa binti yake, anayeishi Pennsylvania na ambaye tangu akiwa msichana alikuwa akienda naye kuwinda paa, alikuwa ameiomba kwa ajili ya msimu wa uwindaji wa mwaka huo.

"Siwezi kumpa mwanangu kitu kinachojiamulia," alisema.

Niliona ana haki. Tatizo lilikuwa mikono yake, ndiyo maana alikuwa ananieleza mimi. Akaniuliza, kwa upole, kama naogopa bunduki.

Nilimwambia kwamba nchini kwetu, nilipomaliza kidato cha sita, nilipelekwa jeshini kwa mujibu wa sheria kama wenzangu wote. Nililima mahindi, nilikimbia mchakamchaka, na nilifundishwa kufungua bunduki na kuifunga nikiwa nimefumbwa macho kwa kitambaa. Nilikuwa wa tatu katika kombania yetu. Wa kwanza alikuwa msichana kutoka Singida ambaye baadaye akawa mtawa.

Mzee alinigeukia. Nilikuwa nimemtunza miezi mitano na alikuwa hajawahi kuniuliza nilifanya nini kabla ya kuja Marekani. Mimi pia sikuwa nimewahi kuuliza kabati lile lina nini.

Asubuhi iliyofuata tulipiga simu kiwandani. Mama aliyepokea alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na wanaume wasiosikiliza. Alisema bunduki ile wanaifahamu na sehemu hiyo wataibadilisha. Akatupa namba ya kuandika kwenye barua na maelekezo mengi, ambayo Mzee aliniagiza niyaandike yote. Bunduki iwe haina risasi. Ndani ya boksi isiwepo hata risasi moja. Darubini na mkanda vitolewe vibaki nyumbani. Ifungwe kwenye kasha gumu, kasha liingie ndani ya boksi, na nje ya boksi kusiwe na neno wala picha ya kuonyesha kilichomo. Mwenye bunduki aipeleke posta mwenyewe na aeleze ni nini. Na kabla ya yote hayo, alisema mama yule, mtu yeyote asikiguse kile kijino cha usalama mpaka mdomo wa bunduki uwe umeelekezwa mahali ambapo hata ikilia haitadhuru mtu.

Mzee alimshukuru, akakata simu, akasema yule mama anazungumza sana.

Kufikia saa nne orodha ilikuwa tayari. Vipengele kumi na vinne, kwa mwandiko wake wa kutetemeka. Tulibishana kwenye kipengele cha kwanza.

Kipengele cha kwanza kilisema: leta bunduki mezani. Meza aliyokusudia ilikuwa ya kulia chakula, na mtutu, kwa jinsi alivyopanga, ungeelekea jikoni. Bunduki ile ilikuwa ya namna ambayo huwezi kuifungua mpaka kwanza usukume kile kijino. Yaani ili kuona kama ina risasi, ilibidi ufanye kitendo kilekile kilichoifanya ilie.

Nilimwambia kwamba mimi ningependa tuifungulie gereji. Gereji kulikuwa na mifuko minane ya chumvi ya kuyeyushia barafu, iliyobaki tangu baridi iliyopita. Ningeipanga ukutani kama viroba vya mchanga, mtutu ukaielekea.

"Haina risasi," alisema. "Niliitoa mwenyewe."

Nilisema sina shaka.

"Kama huna shaka, chumvi ya nini?"

Nilimwambia kwamba afande aliyetufundisha hakutufundisha namna ya kumwamini mtu, alitufundisha namna ya kukagua bunduki. Nilisema kwa adabu, kama ninavyosema na mtu wa umri wa baba yangu, lakini sikusogea. Alikasirika. Alinieleza kwamba kwa miaka thelathini na minne watu walikuwa wakirusha vyombo vya thamani angani kwa sababu yeye ameweka saini kwamba viko sawa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikaenda gereji, nikapanga chumvi.

Kila mfuko ulikuwa mzito kama mtoto wa darasa la tatu. Niliweka minne mbele na minne nyuma yake. Nilipomaliza, nilimsukuma Mzee kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka pale, uso ameukunja. Nikashuka kuichukua bunduki kwa ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni. Nilipanda nayo mtutu ukitazama mbali nami na mbali na ngazi, kidole changu mbali na kifyatuo. Ilikuwa nzito na baridi, na kitako chake cha mbao kilikuwa kizuri. Nilishangaa kwamba mikono yangu ilikuwa bado inakumbuka mahali pa kushika.

Aliipokea mapajani. Mimi nilisimama nyuma ya kiti, nikaushika mtutu kwa mikono yote miwili, juu ya mkono wake wa kushoto, nikauelekeza katikati ya mifuko. Nilimwambia, bado. Nikakagua tena kwamba miguu yake haipo mbele. Halafu nikamwambia, haya.

Alisukuma kijino. Kilitoa mlio mdogo, kama swichi ya taa. Bunduki haikulia.

Alipumua kwa pua, akaushika mkono wa bolti, kile chuma unachokivuta nyuma kutoa risasi, akauinua na kuuvuta. Mkono wake ulitetemeka, kwa hiyo bolti ilirudi nyuma kwa vituo vituo. Ilipofika mwisho, kitu cha manjano kiliruka, kikaanguka sakafuni, kikabiringika taratibu mpaka chini ya gari.

Tulikitazama kikibiringika.

Nilichukua ufagio, nikapiga magoti, nikakivuta. Ilikuwa risasi nzima, ndefu kama kidole changu cha kati. Niliiweka kwenye kiganja chake. Akaigeuza, akasoma maandishi madogo kwenye kitako chake, ingawa nina hakika aliyajua.

"Baada ya kulia," alisema mwishowe, "lazima nilijaza nyingine nione kama itarudia. Halafu nikaogopa." Akaifumba risasi kiganjani. "Sikumbuki kujaza. Sikumbuki kuogopa."

Nilimwambia anisubiri kidogo, nikaingia ndani nikasimama jikoni. Nilisimama mahali ambapo ningekuwa nimesimama, mbele ya ubao wa kukatia, karibu na karoti nilizokuwa nimeshamenya. Nilitazama meza ya kulia kutoka pale. Halafu nilikunywa maji, nikarudi gereji, kwa sababu mteja hatakiwi kuachwa peke yake na silaha, na hilo nadhani lingekuwa kwenye mkataba kama wangelifikiria.

Tuliikagua tena. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu, nikaingiza kidole kidogo nikapapasa mahali risasi inapokaa. Palikuwa tupu. Nikamtaka naye apapase. Alipapasa. Akaniambia niangalie mara ya tatu, nikaangalia. Ile risasi niliifungia kwenye kikopo cha chuma chenye kufuli pamoja na wenzake, kikopo nikakirudisha kabatini, na bolti nikaichomoa kabisa, kwa sababu bunduki isiyo na bolti ni bomba tu.

Baada ya hapo alifuata kila nilichosema, jambo ambalo halikunifurahisha kama nilivyotarajia.

Ufungaji wenyewe ulikwenda vizuri. Tulitoa darubini na mkanda, tukaviweka kando. Bunduki niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nikaivingirisha kwenye plastiki ya mapovu kuanzia kitakoni mpaka mdomoni, na mdomoni nikaongeza mizunguko miwili kwa sababu ndipo panapotoboa boksi. Bolti niliivingirisha peke yake, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki wenye karatasi inayosema ni ya bunduki gani. Nilikata godoro la sponji la kitanda cha mbwa, mbwa mwenyewe alikwisha kufa zamani, likatosha pande zote za kasha. Mzee alinitaka nilitikise. Nililitikisa. Aliinamisha sikio, akasema kuna kitu kinacheza upande wa kushoto. Nilifungua, nikaongeza soksi zake mbili, nikatikisa tena, akaridhika. Kwenye hilo alikuwa sahihi, na niliona kwamba anahitaji kuwa sahihi kwenye jambo fulani siku hiyo.

Barua aliisema, mimi nikaandika. Jina, anwani, namba ya bunduki, namba ya kiwanda, na maelezo ya kasoro. Aliisema kwa ufasaha mpaka mwisho, halafu akaniambia niongeze sentensi moja: kwamba bunduki ilikutwa na risasi ndani wakati wa kukaguliwa, na mwenye bunduki hakuwa akijua. Nilimuuliza kama ni lazima. Alisema fundi anayepokea kitu anatakiwa kujua tabia za kitu na tabia za mwenye kitu.

Boksi tulilokuwa nalo la urefu ule lilikuwa la mti wa Krismasi wa plastiki, lenye picha ya familia inayotabasamu. Nilililaza kasha ndani, nikajaza magazeti kwenye kila pembe, nikafunga kwa utepe, nikalifunika lote kwa karatasi ya kaki. Nilipokwenda kumtayarishia chakula, Mzee alichukua kalamu nene.

Kabla sijaondoka siku ile nilijaza daftari la zamu, kama kila siku. Amekula nini, amekwenda choo mara ngapi, amechangamka au hapana. Aliniona nimesimamisha kalamu.

"Ile nyingine pia utaiandika?" aliuliza.

Binti yake alikuwa akilisoma daftari lile kila mwisho wa juma. Nilimwambia nitaiandika.

"Unaweza kuandika kwamba nilikuwa mwangalifu?"

Niliandika kwamba bunduki ilikutwa na risasi, kwamba ilifunguliwa mahali salama, na kwamba mteja alishirikiana vizuri. Sentensi ya mwisho ilikuwa kweli kuanzia saa tano kasorobo.

Nyumbani nilimsimulia mwanangu wa kike, ambaye yuko chuo. Nilimsimulia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba natakiwa kubadilisha kazi. Halafu akaja akanikumbatia, akakaa hivyo kwa muda mrefu, na mimi nilikuwa nakoroga ugali.

Alhamisi tulikwenda posta. Mzee alikuwa hajatoka nyumbani tangu kiangazi isipokuwa kwenda hospitali. Alitaka kunyolewa, alitaka tai. Boksi lilikaa kwenye buti la gari, likiwa limepita mpaka viti vya nyuma, na njiani aliniomba mara mbili nipunguze mwendo ingawa tulikuwa tumesimama kwenye taa.

Posta kulikuwa na foleni. Nilimsukuma Mzee kwa mkono mmoja na boksi kwenye kitoroli kwa mkono mwingine, nikimwambia pole pole, Mzee, tunafika. Mfanyakazi wa dirishani alikuwa kijana mnene mwenye miwani. Aliposikia sauti yangu aliinua kichwa.

"Sista, wewe ni wa wapi?"

Nilimwambia Njombe. Yeye alisema Meru, na kwamba mkewe anafanya kazi kama yangu, huko Silver Spring. Tukaulizana habari za nyumbani. Halafu akaniuliza ndani ya boksi kuna nini.

"Bunduki," nilisema.

"Ya kuchezea?"

"Ya kweli. Inapelekwa kiwandani kutengenezwa. Ya huyu mzee."

Alimtazama Mzee, akatazama tai yake.

"Iko na risasi?"

"Haina."

"Una uhakika?"

Nilimwambia kwamba juu ya hilo nina uhakika kuliko jambo lolote nililowahi kulisema Marekani.

Alikubali, maana sheria inaruhusu mtu kutuma bunduki yake ya kuwindia kwa kiwanda. Lakini alipoligeuza boksi aliguna. Upande wa chini, kwa kalamu nene na herufi kubwa za kutetemeka, Mzee alikuwa ameandika kwa Kiingereza: BUNDUKI. IMEKAGULIWA MARA TATU. HAINA KITU.

Kijana wa Meru alinieleza taratibu kwamba hiyo ndiyo njia nzuri ya kufanya bunduki iibiwe njiani. Nilimtafsiria Mzee. Alisema yeye alitaka tu kuwa mkweli. Kijana akamjibu kwa Kiingereza, kwa heshima sana, kwamba ukweli ameshauambia posta na hiyo inatosha, mwizi hana haja ya kuambiwa. Tukawekwa pembeni tukapewa karatasi nyingine. Nililifunga upya boksi pale sakafuni, nimepiga magoti, watu wa foleni wakitupita. Mama mmoja Mkongo aliinama akanishikia karatasi nikiwa nabandika utepe. Aliuliza kama ni kadó, yaani zawadi, ya arusi. Nilimwambia ni ya binti. Alisema Mungu ambariki.

Mzee alitia saini mwenyewe. Saini ilimchukua muda, na kijana alisubiri bila kutazama saa, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Jumamosi binti alikuja. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye viatu vya matope. Daftari alikuwa ameshalisoma kwenye simu, kwa picha nilizomtumia. Kwanza alishuka chini, akachukua kile kikopo cha risasi, akakipeleka kituo cha polisi, wakakipokea. Aliporudi alikaa na baba yake sebuleni na mlango ulikuwa wazi. Nilitegemea ugomvi, kwa hiyo nilipata nguo nyingi za kukunja karibu na pale. Hakukuwa na ugomvi. Mzee alimwambia kwamba anataka kupelekwa kwa daktari wa kumbukumbu. Alisema amefikiria vitu vyote alivyoweka saini, na vile vya siku hizi hana uhakika navyo.

Binti alikuja jikoni baadaye, akanishukuru. Nilimwambia karibu. Alisimama pale, akatazama meza ya kulia, kisha ubao wa kukatia, kisha mimi. Baba yake alikuwa amemweleza habari ya ile meza, na yeye alikuwa mwindaji, alijua risasi ingepita wapi. Alivuta kiti akakaa, akafunika uso kwa mikono. Nilimmiminia chai.

Daktari alimpata Mzee na upungufu wa kumbukumbu, si mkubwa, lakini upo na utaongezeka. Aliyapokea hayo kama mtu anayepokea ripoti aliyokwisha kuisoma. Aliomba nakala. Tangu hapo orodha zake alinipa nimsomee kabla ya kuzitumia, na mara moja moja nilipata kosa, na mara nyingi sikupata.

Bunduki ilirudi wiki sita baadaye, msimu umeshakaribia kwisha. Kiwanda kilikuwa kimebadilisha kifyatuo na kijino chote, na ndani ya kasha waliweka vyuma vya zamani kwenye mfuko mdogo, pamoja na soksi mbili za Mzee, zimekunjwa. Binti aliichukua siku hiyohiyo. Gereji ilikuwa imefunguliwa na theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka kidogokidogo, isiyoshika chini. Aliikagua mwenyewe, akaifunga, akaiweka kwenye buti, akambusu baba yake kichwani. Mzee alimwambia aendeshe polepole mpaka avuke mji.

Gari lilipopotea nilimuuliza kama anasikia baridi. Alisema anasikia. Nilimsukuma ndani, nikamvua koti, na kwa kuwa ilikuwa saa kumi nilimpa dawa zake. Alizimeza zote isipokuwa ile ya njano, ambayo alitaka kwanza nimweleze tena ni ya nini.